Kanjo Hupotea Wakati wa Kampeni

Mamangu huuza mboga sokoni, na kila asubuhi jamaa wa kaunti hupita na risiti za ushuru. Kampeni za 2022 zilipochacha, huyo jamaa akapotea. Tukafurahi, tukasema mheshimiwa ana roho safi. Agosti ikapita, kura zikahesabiwa. Risiti zikarudi, na safari hii kanjo wakaja na lori.

Sasa najua haikuwa roho safi. Tulikuwa tunahongwa na pesa yetu wenyewe.

Cheki vile mambo hupangwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 203, inasema kaunti zote 47 zigawiwe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Zingine kaunti hujitafutia: ada za ardhi, leseni za biashara, maegesho, soko. Gavana akiogopa kukusanya kwa sababu ya kura, shimo linabaki. Utaliona siku utaenda dispensari uambiwe dawa ununue nje.

Na si magavana pekee. 2024 tuliingia barabarani, Mswada wa Fedha ukaangushwa. Baadaye serikali ikapunguza mgao wa kaunti, kutoka bilioni 400.1 hadi 387.4. Sijuti hata kidogo. Lakini wangapi kati yetu tuliuliza ni nani atakatwa?

Mtaniambia, basi chagua chama chenye sera. Kipi? 2022 Kenya Kwanza walituimbia mahasla, Azimio wakaahidi familia maskini 6,000 kila mwezi. Tukatukanana mtandaoni karibu mwaka mzima. Miaka miwili baadaye, watu wa ODM wakawa mawaziri wa Ruto. Kumbe ilikuwa jezi tu! Na hakuna upande uliowahi kuniambia magavana wake watambana nani: mama mboga mwenye meza moja, ama mwenye ghorofa ambaye hajalipa ada ya ardhi miaka na miaka.

Hilo ndilo swali la 2027. Mgombea akifika mtaani kwenu na tishati na unga, muulize utakusanya kutoka kwa nani, pesa ngapi, na mbona leo hukusanyi. Akijibu kwa wimbo wa chama, jua lori litakuja kwa nani kura zikiisha.