Nadharia Itangulie Mazoezi

Vitabu vya saikolojia ya kina, elimu ichunguzayo sehemu ya nafsi ambayo mtu mwenyewe haifahamu, ni vya namna mbili. Vya nadharia hueleza nafsi ilivyo. Vya mazoezi humwelekeza msomaji jinsi ya kushughulika na ndoto, hofu na hasira zake. Wengi wanaoanza hukimbilia vya mazoezi kwa kuwa ni vyepesi na huahidi faida ya upesi. Haifai kuanzia huko.

Ndoto zaonyesha sababu. Asiye na nadharia hutaka orodha: nyoka ni adui, maji ni mali. Carl Jung, daktari wa Uswisi aliyefariki mwaka 1961, alizikataa orodha za namna hiyo. Kwake ndoto haitengwi na aliyeiota. Jambo hili si geni kwa Waislamu. Husimuliwa kwamba watu wawili walimwendea Ibn Sirin, mfasiri wa ndoto wa Basra, kila mmoja ameota anaadhini. Mmoja akaambiwa atahiji, wa pili kwamba atakatwa mkono kwa wizi. Kitabu cha mazoezi kisichomwezesha msomaji kuelewa kwa nini majibu yalitofautiana kitampoteza, hata kikiandikwa vizuri namna gani.

Nadharia nayo isimezwe kwa pupa. Kuanza na Psychological Types, kazi nzito ya Jung ya mwaka 1921, ni kujitesa bure. Kipo Man and His Symbols, kilichotoka 1964, ambacho Jung na wenzake wanne walikiandika makusudi kwa watu wasio wataalamu. Sigmund Freud naye, daktari wa Vienna, katika The Psychopathology of Everyday Life cha 1901, aeleza kuteleza kwa ulimi na kusahau majina, mambo ambayo kila mtu aweza kuyapima katika maisha yake.

Hata hivyo, kusoma tu hakutoshi. Freud alijichunguza mwenyewe kwa ndoto zake tangu 1897; Jung tangu 1913 aliandika madaftarini maono yaliyomjia, na mengi aliyofundisha baadaye yalichipuka humo. Basi aliyekwisha kuielewa misingi na achukue Inner Work cha Robert A. Johnson, mfuasi wa Jung, cha 1986, aweke daftari karibu na kitanda, aandike ndoto kabla hajainuka. Johnson ana hatua nne za ndoto, na nne za kuzungumza na picha zijazo akilini. Kwa hizi za pili humtaka msomaji awe na mtu wa kumwita endapo mambo yatamzidi. Onyo hilo lisirukwe kamwe. Mwenye maradhi ya akili asijaribu mazoezi hayo peke yake. Amwone daktari kwanza.