Nani Mwenye Kauli ya Mwisho? Katiba ya Marekani, Majimbo na Kanuni Auni

Mwezi Juni 2025, Rais Donald Trump wa Marekani alikiweka chini ya amri yake Kikosi cha Walinzi wa Taifa cha jimbo la California na kukituma mjini Los Angeles, kufuatia maandamano ya kupinga kukamatwa kwa wahamiaji. Gavana wa jimbo hilo, Gavin Newsom, hakuridhia, naye akakimbilia mahakamani. Hapo swali la kale, lenye umri sawa na taifa lenyewe, likaibuka upya: kati ya serikali ya shirikisho iliyoko Washington na majimbo 50 yanayounda nchi hiyo, ni nani mwenye kauli ya mwisho?

Swali hili si la wanasheria peke yao. Nyuma ya vifungu vya Katiba wamo watu: mtoto anayefanya kazi kiwandani, mzazi anayemtafutia mwanawe shule, mhamiaji asiye na hati, mtoto ambaye bado yumo tumboni mwa mama yake. Ndiyo maana Mafundisho Jamii ya Kanisa yana neno la kusema hapa, nalo ni neno linaloudhi pande zote mbili: hakuna ngazi ya utawala iliyo takatifu kwa asili yake.

Katiba iliyoandikwa mjini Philadelphia mwaka 1787 iligawa madaraka kwa maneno machache sana. Ibara ya 1 inalipatia Bunge la shirikisho orodha ya mamlaka, mojawapo ikiwa ni kusimamia biashara baina ya majimbo. Ibara ya 6 inatamka kwamba Katiba na sheria za shirikisho zilizotungwa kwa kuifuata ndizo sheria kuu za nchi. Marekebisho ya 10, yaliyopitishwa mwaka 1791, yanaweka mpaka: mamlaka ambayo shirikisho halikupewa, wala majimbo hayakukatazwa kuyatumia, yanabaki kwa majimbo au kwa wananchi. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Marekebisho ya 14 ya mwaka 1868 yakayakataza majimbo kumnyima mtu yeyote uhai, uhuru au mali bila kufuata utaratibu wa haki wa sheria. Ugomvi wote wa leo unazunguka vifungu hivi.

Matukio mawili ya karne iliyopita yanatufundisha jinsi ya kuvisoma. La kwanza linahusu ajira ya watoto. Mwaka 1916 Bunge la shirikisho lilipiga marufuku kusafirisha kutoka jimbo moja hadi jingine bidhaa za viwanda vilivyoajiri watoto wenye umri chini ya miaka 14. Baba mmoja wa North Carolina, ambaye wanawe wawili walifanya kazi katika kiwanda cha pamba, aliipinga sheria hiyo mahakamani. Mwaka 1918, majaji watano kati ya tisa wa Mahakama ya Juu waliifuta, wakisema kwamba masharti ya kazi viwandani ni shauri la majimbo. Majimbo nayo yalisitasita, kwa kuwa kila moja liliogopa kwamba likiwalinda watoto, viwanda vitahamia kwa jirani. Mpaka ukalindwa, watoto wakabaki mashineni. Ilipita miaka 20 kabla ya Bunge kutunga sheria iliyodumu mwaka 1938, na mwaka 1941 Mahakama ile ile ikatengua uamuzi wake wa awali.

Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1924, Bunge lilipendekeza kuibadili Katiba yenyewe ili shirikisho liweze kudhibiti ajira ya watoto. Wakatoliki waligawanyika. Padre John A. Ryan, bingwa wa haki za wafanyakazi, aliunga mkono. Kardinali William O'Connell wa Boston alipinga, akihofu kwamba dola ingeingilia mamlaka ya wazazi nyumbani. Pendekezo hilo halikupata idadi ya majimbo iliyotakiwa hadi leo.

Hofu ya Kardinali haikuwa ya bure, na tukio la pili linathibitisha. Mwaka 1922 wapiga kura wa jimbo la Oregon walipitisha sheria ya kuwalazimisha watoto wa miaka 8 hadi 16 kusoma katika shule za umma. Kundi la Ku Klux Klan lilikuwa miongoni mwa waliolipigia debe wazo hilo, na shule za Kikatoliki zilikuwa hatarini kufungwa. Watawa wa Shirika la Majina Matakatifu ya Yesu na Maria walikwenda mahakamani. Tarehe 1 Juni 1925, majaji wote wa Mahakama ya Juu, wakiegemea Marekebisho ya 14, waliamua kwamba jimbo halina mamlaka ya kuwapokonya wazazi haki ya kuchagua malezi ya watoto wao. Papa Pio XI aliutaja uamuzi huo kwa sifa katika Waraka wake kuhusu malezi ya Kikristo, "Divini illius Magistri", wa mwaka 1929.

Tazama basi: katika tukio la kwanza, haki za majimbo zilikuwa kisingizio cha kuwaacha wadogo bila mtetezi, katika la pili, Katiba ya shirikisho iliwakinga wadogo dhidi ya wingi wa kura za jimbo. Na kinyume chake pia kimewahi kutokea. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1850 iliamuru watumwa waliotoroka warudishwe kwa mabwana zao, na ni baadhi ya majimbo ya kaskazini yaliyokataa kushiriki dhambi hiyo.

Mwaka 1931, katika Waraka "Quadragesimo anno", Papa Pio XI alifafanua kipimo ambacho Kanisa hukiita kanuni auni. Kwa ufupi, jumuiya kubwa isijitwalie kazi ambayo jumuiya ndogo inaweza kuitimiza vema. Lakini jumuiya ndogo inaposhindwa, kubwa ina wajibu wa kuisaidia, wala si kuimeza. Kanuni hii haitenganishwi na mshikamano wala na utu wa binadamu. Kwa hiyo, anayeitumia kudai tu kwamba serikali kuu ikae mbali amesoma nusu yake, na anayeisahau kila Washington inapompendeza hajaisoma kabisa.

Turudi katika mambo ya leo. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Arizona kwamba jimbo haliwezi kujitungia sera yake ya uhamiaji. Lakini mwaka 1997, katika kesi iliyohusu ukaguzi wa wanunuzi wa bunduki, iliamua kwamba shirikisho haliwezi kuwalazimisha maofisa wa majimbo kutekeleza mpango wake. Uamuzi uliowafurahisha watetezi wa bunduki umekuwa leo ngao ya miji isiyotaka polisi wake watumike kuwasaka wahamiaji, ambao miongoni mwao wamo wasemaji wa Kiswahili. Maaskofu Katoliki wa Marekani, waliokutana Baltimore mwezi Novemba 2025, walikiri kwamba mataifa yana wajibu wa kusimamia mipaka yao, lakini wakapinga ufukuzaji wa watu kwa halaiki bila kubagua.

Vivyo hivyo kuhusu utoaji mimba. Mwezi Juni 2022 Mahakama iliyarudishia majimbo mamlaka ya kutunga sheria juu ya jambo hili, nasi tuliopokea uamuzi huo kwa shukrani hatuna budi kuona ulikofikia: baadhi ya majimbo yamemlinda mtoto, mengine yamepanua ruhusa ya kumwangamiza. Uhai wa binadamu haubadiliki thamani kwa kuvuka mto au barabara inayotenganisha majimbo mawili.

Mwamini, basi, awe mwangalifu asije akawa mtetezi wa majimbo Jumatatu na mtetezi wa shirikisho Jumanne, kulingana na upepo wa chama chake. Kabla ya kuuliza ni ngazi ipi iliyo na mamlaka, aulize kwanza ni nani atakayeumia ikiwa ngazi hiyo itakaa kimya, na ni nani atakayemezwa ikiwa itatenda kupita kiasi. Vifungu vya Katiba ni ua tu. Mkulima mwenye busara huuangalia ua, lakini hasahau kwamba ulijengwa kwa ajili ya kilichomo shambani.