Mtu Asiye Wetu

Mama mpendwa, tunakuandikia kutoka huku Kyela, pwani ya Ziwa Nyasa.

Mwezi huu tunaomba ruhusa yako tuzungumze jambo ambalo akina mama tukikutana kwenye kikundi hatulisemi. Tunasema habari za watoto wakaidi, za ulevi wa waume, za mawifi na ada za shule. Lakini mama mwenye ndoa yake na watoto wake, ambaye analala na kuamka akimfikiria mwanamume asiye wake, tena mwanamume ambaye wala hana habari naye, huyo hasemi. Anaugua kimya kimya.

Sisi wauguzi humwona zahanati. Hatumtaji mtu, maana tumewaona wengi hata wamekuwa kama mtu mmoja. Anakuja masika, wakati mito ya Kiwira na Mbaka imefurika na kila mwenye homa hapa kwetu hufikiriwa kwanza kuwa na malaria. Moyo unamwenda mbio, halali, chakula hakipiti, amekonda. Tunampima: malaria hakuna, damu inatosha, tezi la shingo halionekani, shinikizo la damu ni la kawaida. Anapewa dawa ya kutuliza kichwa anaondoka. Baada ya wiki mbili amerudi. Safari ya tatu anasubiri foleni iishe, anafunga mlango mwenyewe, anasema: "Nesi, kuna mtu."

Kama tungekuwa tunasimulia ya wengine tu, ungekuwa na haki ya kutuuliza tumeyajulia wapi. Tumeyajua nyumbani kwetu. Baba watoto ameusoma ukurasa huu kabla haujaenda kwa mhariri, naye ametupa ruhusa.

Mwaka 2004 tulikuwa tumemaliza stashahada ya uuguzi, na kazi ya kwanza tulipangiwa karibu na bandari ya Itungi. Alikuwako mwalimu mmoja, mwimbaji wa kwaya, mtu mpole. Hakututongoza. Hakutuahidi kitu. Siku moja mvua ilituzuia kanisani, akatusindikiza na mwavuli wake hadi kwenye nyumba za watumishi, akasema, "Pole na kazi, dada." Basi. Maneno hayo manne tuliyaishia miaka sita.

Mwaka uliofuata alihamishwa kwenda upande wa Mbamba Bay. Enzi hizo meli ya MV Songea ilikuwa ikitoka Itungi na kuambaa pwani ya mashariki kupitia Lupingu, Manda na Liuli, kisha inarudi. Tulikuwa tukibadilishana zamu na wenzetu ili siku ya meli kurudi tusiwe kazini. Tunapanda baiskeli, tunasingizia kununua samaki, tunasimama pale mpaka abiria wa mwisho ashuke na kuku wake. Aliwahi kutuandikia barua moja, mistari tisa, kutushukuru kwa salamu za Krismasi. Tuliisoma mpaka karatasi ikachanika penye mkunjo. Mstari wa saba alikuwa ameandika kwamba huku kwetu anapakumbuka. Huko kupakumbuka tulikufasiri kila namna.

Mwaka 2006 akaoa hukohuko. Ungedhani mambo yaliishia hapo. La hasha! Tukaolewa nasi mwaka 2007, na mkulima wa kakao, mtu mwema mcha Mungu, tukahamia upande wa Matema chini ya Milima ya Livingstone. Tuliingia kanisani na shela nyeupe, na yule mtu tumembeba moyoni. Baba watoto akikohoa, tunalinganisha. Akicheka, tunalinganisha. Maskini hakujua anashindana na nani. Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa tukataka aitwe jina la yule mwalimu, tukasema ni jina zuri la Biblia. Mama mkwe akakataa, mtoto ni lazima achukue jina la babu yake. Tulilia siku mbili, watu wakadhani ni maumivu ya uzazi. Leo tunamshukuru mama mkwe, maana huyo kijana tungemwitaje kila asubuhi?

Wataalamu wameuchunguza ugonjwa huu. Dorothy Tennov, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwahoji mamia ya watu, akatoa kitabu mwaka 1979 na kuipa hali hii jina la limerensi. Aliona kuwa haiishi kwa upendo, inaishi kwa matumaini yaliyochanganyika na mashaka. Anayekataliwa waziwazi na anayekubaliwa kabisa, wote huwa na nafasi ya kupona. Anayeteketea ni yule anayepata punje moja leo na punje nyingine baada ya miezi sita, akiishi kwa kubahatisha. Tena mwaka 2010 Helen Fisher na wenzake walieleza jinsi walivyopiga picha za ubongo wa watu 15, wanawake 10 na wanaume 5, walioachwa na wapenzi wao na bado wanawapenda. Walipoonyeshwa picha ya yule mpendwa, katika sehemu za ubongo zilizochangamka zilikuwamo zile zinazohusika na hamu ya kokeini. Kwa hiyo, mama, usijione mjinga. Wala usidanganyike kuwa moto huo ni ushahidi kwamba Mungu amekukusudia mtu huyo.

Biblia nayo haikuficha. Katika 2 Samweli 13 yumo Amnoni, aliyekonda kwa ajili ya Tamari hata rafiki yake akamshangaa. Ule uliokuwa ukiitwa upendo ulimtenda binti wa watu ukatili, na mara tu baada ya hapo ukageuka chuki kubwa kuliko ule upendo wenyewe. Hatumlinganishi mama anayeteseka kimya na mtenda jeuri kama huyo. Ila tunajiuliza: yule tunayemfikiria usiku kucha, tunamjua kweli? Sisi hatukujua hata chakula alichokuwa akipenda.

Lakini aliye ndugu yetu hasa ni Lea. Alimpenda mume ambaye macho yake yalikuwa kwa mwingine. Katika Mwanzo 29 kila mtoto anayemzaa anampa jina lenye kilio: Reubeni, huenda sasa mume wangu atanipenda, Simeoni, Bwana amesikia kuwa sipendwi, Lawi, sasa ataambatana nami. Hata alipofika kwa Yuda, jina likabadilika mwelekeo, likawa la kumsifu Bwana, na mume hakutajwa. Wahubiri wengi hufunga kitabu hapo, wanawake wanapiga vigelegele. Fungua ukurasa wa pili, mama. Sura ya 30, Lea yuleyule anatoa tunguja za mwanawe ili apewe usiku mmoja na Yakobo, na akimzaa Zabuloni anarudia matumaini yaleyale kwamba mume atakaa naye. Alikuwa ameshamsifu Mungu, kisha akarudi nyuma. Sisi jambo hilo limetufariji kuliko la Yuda, kwa maana hatukupona kwa siku moja.

Na kwa kuwa tumezitaja tunguja: wapo akina mama huku kwetu ambao fedha za kakao ziliishia kwa mganga, kutafuta limbwata ili mtu awageukie. Mganga hana hasara katika biashara hiyo, kwa sababu kila ukirudi hujafanikiwa anakuambia ulikosea masharti. Anachokuuzia ni ile punje ya matumaini ya kukufikisha mwezi mwingine. Na dawa zenyewe, zinazotiwa kwenye chakula cha mtu bila yeye kujua, ni sumu zisizojulikana kipimo chake.

Sasa utauliza, je, hamkuomba? Tuliomba! Hapo ndipo penye jambo tulilotaka kukuambia. Kila usiku, baba watoto akishalala, tulipiga magoti. Mwanzoni tuliomba tumpate. Alipooa, tukaomba Mungu amlinde, ambariki kazini, amlinde na mke wake, amwepushe na ajali ziwani. Tulijiona watakatifu kweli.

Mwaka 2010 alikuwa akija kwetu bibi mmoja Mkisi, mfinyanzi wa Ikombe, kufungwa kidonda cha mguu. Alikuwa akivuka kwa mtumbwi na vyungu vyake kuja soko la Lyulilo, siku ya Jumapili anasali nasi. Mzee yule alikuwa na macho. Siku moja tukimfunga bandeji akauliza, "Mwanangu, unamlilia nani?" Hatujui kwa nini, tukamwambia yote. Alikuwa mtu wa kwanza kusikia, baada ya miaka sita. Hakushangaa wala hakukemea pepo. Tulipofikia habari za maombi ya usiku akatunyamazisha kwa mkono, akasema: "Huyo unamwombea au unamtembelea?"

Tukabaki na bandeji mkononi.

Akasema, "Kila usiku unakwenda kwake, unampitishia Mungu mlangoni. Ana mke wa kumwombea, ana mama yake. Mwache."

Tulimjibu kuwa tukiacha kumwombea tutakuwa tumemwacha kweli. Akasema ndiyo, ndivyo ilivyo.

Usiku ule tulipiga magoti tukakosa la kusema. Na usiku wa pili vilevile. Ndipo tulipotambua kwa uchungu kwamba hatukuwa na mazungumzo mengine na Mungu. Wiki nzima tulisema Baba Yetu tu, tukaenda kulala. Baadaye tukaanza kumtaja baba watoto, kikohozi chake, miche yake ya kakao. Ilikuwa kama kujifunza kuomba upya kwa mtu mzima. Ile barua tulimpa bibi, akaondoka nayo Ikombe. Hatukumwuliza aliifanyia nini. Tulirudi nyuma mara mbili, tena mara moja tukajikuta Itungi siku ya meli bila sababu. Tukamweleza bibi, akacheka, akasema tule samaki tuliowanunua.

Mama unayesoma haya, siku hizi hakuna haja ya kupanda baiskeli hadi Itungi. Meli iko mkononi. Unaamka saa nane usiku kuangalia kama yuko hewani, ameweka picha gani, nani amemjibu. Kila ukichungulia umejipa punje. Futa namba. Ukiiandika upya kesho yake, ifute tena. Tafuta mama mmoja, mzima kwa umri na kwa mdomo, umwambie. Usilipeleke kwenye kikundi kama ombi la siri, maana ombi la siri la akina mama wanane tunalijua linavyosafiri. Na usiende kumwungamia mwanamume mwenyewe eti umwombe msamaha kwa kumtamani. Huko nako ni kumtembelea.

Kuhusu kumwambia mume, watumishi wengine husema ni lazima, na mara moja. Sisi hatuko nao. Tulimwambia wa kwetu baada ya miaka mitatu, tulipokuwa na jambo lililokwisha la kumsimulia badala ya moto wa kumkabidhi auzime. Alinyamaza siku nne, akaenda shambani, akarudi. Kila ndoa ina kimo chake, pima ya kwako.

Lakini yapo ambayo si ya bibi wala ya maombi peke yake. Kama unawaza kufa, kama hujala kwa siku kadhaa, kama umejifungua karibuni na giza limekuingia, njoo hospitali leo, usingoje Jumapili. Na kama unaamini kwa hakika kuwa mtu yule anakupenda na anakutumia ishara za siri kwa nyimbo za redio, ingawa yeye amekana mbele ya watu, huo ni ugonjwa mwingine, na upo kwenye vitabu vya madaktari. Unatibika. Mchungaji mwema atakusindikiza mwenyewe hadi kwa daktari.

Mwaka 2013 yule mwalimu alikuja likizo kwa ndugu zake upande huu. Ilikuwa siku ya kliniki ya watoto, tumesimama na mizani, akatokea mlangoni na mkewe, mtoto begani, mwavuli mkononi. Moyo uliruka, hatutakudanganya. Uliruka mara moja. Mkewe akatoa kadi, miezi tisa, chanjo ya surua. Tukamning'iniza mtoto, akalia kama wanavyolia wote. Kilo nane na nusu. Tukaandika kwenye kadi, tukamwambia mama yake aendelee kumnyonyesha, tukaita mwingine.