Eti kuzidisha tu, kuna nini?

Jamani, leo niacheni niseme. Wiki jana nilimpelekea mwenzangu kazini kiraka cha mstari mmoja, cha draiva ya Linux tunayoitunza. Yeye aliandika kmalloc(n * ukubwa, GFP_KERNEL). Mimi nikageuza ikawa kmalloc_array(n, ukubwa, GFP_KERNEL). Akanirudishia na maneno matatu: "Hayo ni mapambo." Mapambo!

Haya, tupige hesabu. Katika draiva hiyo, n na ukubwa ni namba za biti 32, na n inatoka kwa mtumiaji. Namba ya biti 32 haipiti 4,294,967,295. Ukiongeza moja inarudi sifuri, kama mita ya kilomita ya matatu kuukuu iliyomaliza tisa zake zote. Sasa chukua vitu 268,435,457, kila kimoja baiti 16. Jibu la kweli ni 4,294,967,312. Jibu la mashine? 16. Kerneli inakukatia baiti 16, halafu programu inaanza kupanga vitu zaidi ya milioni 268 kwenye nafasi ya kitu kimoja. Vingine vyote vinamwagikia kumbukumbu ya jirani, na ndani ya kerneli jirani anaweza kuwa data inayoamua nani ni root.

kmalloc_array, iliyoingia Linux mwaka 2012, huzipokea namba zote mbili kwa upana wa size_t na kupima kabla ya kukata. Hesabu ikifurika, hurudisha NULL. Basi! Mwaka 2018 toleo la 4.18 lilileta array_size na struct_size, na Kees Cook akaongoza mabadiliko ya aina hii kerneli nzima. Naye alikuwa akipamba?

Mwenzangu anajitetea: mashine za leo ni za biti 64. Ndiyo, lakini namba mbili za biti 32 huzidishwa kwa biti 32 kwanza. Zikija kupanuliwa, jibu limeshaoza.

Tena anauliza, nani ataleta n kubwa hivyo? Mwaka 2021 Qualys walitangaza Sequoia, CVE-2021-33909. Kwenye seq_file, ukubwa wa size_t ulikuwa ukibanwa ndani ya int. Mtumiaji wa kawaida alitengeneza saraka ndani ya saraka hadi njia yake ikapita gigabaiti 1, akawa root. Kosa lilikuwa limelala humo tangu 2014. Nani angetengeneza njia ndefu hivyo? Mtu alitengeneza.

Simu ya Android uliyo nayo mfukoni, yenye pesa zako na siri zako, inaendeshwa na kerneli ya Linux. Kusema "n haitafika huko" si hesabu, ni maombi. Mimi kanisani huomba, lakini kwenye kerneli napima.

Kiraka nimekituma tena leo asubuhi, na nitakituma tena kesho. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wenyewe ni wa mstari mmoja.