WATU NA KALAMU ZAO
Bwana C. L. R. James wa Trinidad

Mji wa Lodwar katika nchi ya Turkana wajulikana kwa jua lake kali, tena kwa mtu aliyezuiliwa huko na Serikali tangu mwaka 1959 hata 1961, yaani Bwana Jomo Kenyatta. Lakini ni wachache wajuao habari za rafiki yake wa London, mtunzi wa hadithi na michezo ya kuigiza.

Bwana C. L. R. James alizaliwa katika kisiwa cha Trinidad tarehe 4 Januari, 1901. Baba yake alikuwa mwalimu, naye alifuata kazi hiyo hiyo kabla ya kwenda Uingereza mwaka 1932. Hadithi yake, Minty Alley, ilipigwa chapa mwaka 1936. Haikusimulia habari za wafalme, bali za kijana msomi aliyepanga chumba katika nyumba ya watu maskini, akajifunza kwao mambo asiyofundishwa shuleni.

Waitalia walipotishia kuishambulia Ethiopia, jirani ya Turkana, mwaka 1935, Waafrika na watu wa visiwa vile waliokuwako London waliunda chama cha kuitetea. James alikuwa mwenyekiti, Kenyatta katibu. Machi 1936 ukachezwa mchezo wa James juu ya Toussaint Louverture, aliyeongoza vita vya watumwa wa Haiti. Toussaint alikufa mwaka 1803 katika gereza la baridi milimani Ufaransa. Mwaka uliofuata Haiti ikawa huru.

Mwaka 1952 marafiki hao wawili walitiwa nguvuni, kila mmoja mahali pake. Kenyatta alikamatwa mwezi wa Oktoba, baadaye akafungwa Lokitaung, kisha akahamishiwa Lodwar. James alizuiliwa katika kisiwa cha Ellis, Marekani, kwa mashauri ya uhamiaji. Hakukaa bure: huko huko kizuizini aliandika kitabu juu ya mtunzi Herman Melville, kilichotolewa mwaka 1953. Alifariki London mwaka 1989.

Tangu mwaka 1992 Kakuma imepokea wakimbizi wa nchi nyingi, pamoja na watu wa Ethiopia ile ile. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Na kijana wa Lodwar au Kakuma adhaniye kwamba maisha ya jirani zake ni duni mno hata hayafai kuandikwa, na akumbuke kwamba James alianzia uani kwa maskini.