Kivu: Anayerusha jiwe ili ndege aruke si mpiga picha

Kando ya Ziwa Kivu kuna wapiga picha wanaoamini kwamba ndege asiyeruka hafai. Jiwe linarushwa, ama mtoto anapewa feza kidogo alirushe yeye, kisha kamera inaanza kulia ta-ta-ta. Jioni picha ziko kwenye simu za watu, na mwenyewe anajiita mtaalamu.

Mtaalamu wa nini? Ndege aliyeshtuliwa humpa mtu mgongo. Picha inatoka na mkia na mabawa yenye ukungu, jicho halionekani. Halafu lawama inaangukia kamera: eti ni ya bei ndogo, eti lenzi ni fupi. Kamera haina kosa hapo.

Mtazameni mdiria, yule ndege mweusi kwa mweupe mwenye mdomo mrefu anayetua kwenye kamba za mitumbwi. Anapaa, anasimama hewani akipiga mabawa, anajitupa majini, na mara nyingi anarudi palepale alipotoka. Ni kusema, hakuna haja ya kumfukuza wala kumfuata. Anayeketi chini mapema asubuhi, jua likiwa mgongoni mwake, kamera ikilingana na kimo cha ndege, akalenga jicho na kuweka kasi ya 1/1000 ya sekunde ama zaidi, atapata picha hata kwa kamera ya kawaida. Zumu ya kidijitali haimsogezi ndege, inapanua ukungu tu. Heri kukata picha baadaye nyumbani. Na kwa yangeyange mweupe mwanga upunguzwe kidogo, la sivyo manyoya yanageuka karatasi tupu.

Kuna baya kuliko mawe. Wapo wanaofunua majani ya kiota ili makinda yaonekane, kisha wanatangaza mahali. Hata wasipotangaza, simu nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Korongo mwenye taji yuko kwenye orodha ya ndege walio hatarini duniani. Kasuku wa kijivu vilevile, na tangu 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku huyo aliyekamatwa porini imekatazwa. Mwizi wa makinda hatafuti tena. Picha inampeleka hadi mtini.

Na wenye kujua ndege wapo, ila hawaulizwi. Mkulima aliyekimbia vita kutoka Masisi ama Rutshuru ameishi na ndege shambani miaka yote, anajua sauti zao na saa zao. Mvuvi pia. Mtu analipa lenzi bei ya ng'ombe, kisha anaona vigumu kumlipa mzee huyo saa mbili za kumwongoza. Mzee huyohuyo, tena, anapigwa picha mbele ya hema lake bila hata kuombwa ruhusa.

Mtoto anayetumwa kuokota mawe naye anajua ni mtumbwi gani mdiria anaupenda asubuhi. Angelipwa kwa kuuonyesha.