Greda peke yake halitoshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie barabara za udongo za vijiji vya pwani ya Pangani, upande wa kusini wa Mto Pangani.

Kila mwaka hali ni ileile. Greda linakuja kiangazi, udongo ukiwa mkavu kama unga, linakwangua na kuondoka. Hakuna boza la maji wala mashine ya kushindilia inayofuata nyuma. Haupiti muda, upepo na matairi ya bodaboda vimepeperusha lile tabaka la juu, na masika ya Machi hadi Mei inamalizia. Kibaya zaidi, udongo uliokwanguliwa huachwa umejikusanya tuta kandokando. Maji yakikosa pa kutokea, yakimbilie wapi kama si katikati ya barabara?

Karibu na kwetu kalavati limefukiwa na mchanga hadi mdomoni. Mvua ikinyesha, gari la samaki linasimama ng'ambo ya dimbwi, barafu inayeyuka kwenye matenga, na bei inashuka pale pale.

Hatudai lami. Barabara ya udongo ikiinuliwa mgongo katikati, ikachimbiwa michirizi ya kutolea maji na kushindiliwa ingali na unyevunyevu, inadumu. Kuzibua kalavati ni kazi ya majembe na sururu, na vijana wa kijijini wapo. Wapewe mikataba midogo ya matengenezo.

Nawasihi wahusika waanze na kalavati hilo, kabla ya Machi.

Mchuuzi wa samaki,
Pangani, Tanga.